Moshi wa Nyumba Arobaini na Tano

Tasbulak, 3 Septemba 2002

Dada Raushan,

Assalamu alaykum. Roho na mifugo ya huko viko salama? Najua ghorofa ya tatu haina mifugo, lakini marehemu baba angenifufukia nikianza barua bila kuulizia, kwa hiyo msalimie hata paka wa jirani. Sisi hatujambo. Mama ni mzima na anasema umekonda. Nikamwambia hajakuona tangu sikukuu ya Nauruz. Akajibu kwamba kukonda kwa mtoto kunaonekana hata kwenye mwandiko. Zaure hajambo, ananivumilia mwaka wa ishirini na mbili sasa. Ng'ombe kazaa dume. Mimi nimeongezeka tumbo na kupungua nywele, hesabu inabaki ile ile.

Simu usiingoje. Zile waya za shaba walizotuibia wezi sijui sasa zinapigia nani. Andika, na treni ya Jumatano italeta ikijisikia.

Sasa neno lenyewe. Unajua boila yetu. Ilitengenezwa kuupasha joto mji wa kaya mia tisa, wakati mgodi wa madini ya risasi ukiwa hai. Mgodi umefungwa mwaka wa sita huu, watu wamekwenda zao, na boila imebaki kubwa kama kanzu ya marehemu kwenye mwili wa mjukuu. Msimu uliopita nilichomelea mabomba mara thelathini na moja. Mimi ni fundi mkuu, cheo kizito kweli, nina wafanyakazi watatu na mmoja wao ni kiziwi. Boila hii haimalizi misimu miwili.

Tumesikia kuna kamati huko mkoani itakayoamua habari za miji kama yetu kabla ya mwaka kuisha. Wengine wanasema tutaletewa boila mpya na kiwanda kidogo cha sufu. Wengine wanasema tutagawiwa hati za kuhama, kila mtu ashike njia yake, na mji uzimwe kama taa. Wewe ni mchumi, na unafanya kazi kwenye jengo lile lile wanamokaa wakubwa. Hebu chungulia mlangoni utuambie.

Mama anakohoa kidogo. Ni vumbi tu.

Mdogo wako,
Kenjetai

*

Karaganda, 27 Septemba 2002

Kenjetai, kitindamimba wetu,

Wa alaykum salaam. Nimefurahi kusikia habari za ndama. Hapa tuko salama. Mvua imeanza, lifti imekufa, watoto wa shangazi wamepita wakala kila kitu. Barua zako tuma ofisini, si nyumbani, huku zinapotea.

Uliniuliza habari za kamati. Hayo ni mambo ya ofisi, hayasemwi. Nitakwambia yale ambayo mtu yeyote anaweza kuyasema. Pesa ni moja na njia ni mbili. Ya kwanza ni kuusaidia mji: boila, barabara, kiwanda. Ya pili ni kumsaidia mtu: anapewa hati ya kununulia chumba mahali penye kazi, na mafunzo ya miezi sita. Ukiniuliza mimi, Kenjetai, miaka kumi nimeona pesa ikizikwa kwenye miji. Tumejenga viwanda vya sufu vitatu. Kimoja leo ni zizi. Mji hauna tumbo wala hausikii baridi, watu ndio wenye tumbo. Ukimpa mtu hati, pesa inatembea naye.

Wewe una mikono ya dhahabu. Hapa fundi wa kuchomelea hakai siku mbili bila kazi.

Na hicho kikohozi. Mlete Mama kwangu kabla ya theluji, akae hadi majira ya kuchipua. Chumba kipo.

Dada yako,
Raushan

*

Tasbulak, 11 Oktoba 2002

Dada,

Tuko salama sote, na mifugo pia. Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya kwanza kwa sauti mbele ya Mama, ya pili peke yangu. Pale kwenye "mlete Mama kwangu" mara ya kwanza nilikohoa mimi, nikaparuka.

Dada, wewe umesoma vitabu vingi, lakini hili unalijua tangu kabla ya kusoma. Mimi ndiye kitindamimba. Wakubwa wanaoa na kutoka, wasichana wanaolewa na kwenda, na kitindamimba anabaki kwenye nyumba ya baba na moto wake. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Nikimpandisha Mama kwenye treni kwenda kulelewa na binti aliyeolewa, Tasbulak nzima itasema Kenjetai kashindwa kumlisha bibi mmoja anayekula kama shomoro. Wewe nyumbani kwa baba ni mgeni wa heshima. Unakalishwa mbele, unapewa nyama nzuri. Ila mgeni hahamishi vyombo vya mwenyeji.

Na pesa inayotembea, mimi sikatai. Itatembea na Bolatbek, itatembea na mwalimu wa hesabu, itatembea na kila mwenye magoti mazima. Lakini bomba halitembei. Mtu mmoja akiondoka kwenye jengo, ukuta wake unakuwa barafu, na ukuta wake ndio ukuta wa jirani. Hati mnampa mtu mmoja mmoja, baridi wanagawana wote.

Tuache ugomvi nikuchekeshe. Wiki iliyopita walikuja wahesabuji wawili kutoka kwenu, viatu vyembamba kama vya arusi. Sheria wameieleza wenyewe kwa sauti kubwa dukani: kaya mia moja na hamsini na kuendelea, mji unastahili boila mpya. Chini ya hapo, hati, na boila izimwe. Walitakiwa wagonge mlango kwa mlango. Sasa mmoja anaogopa mbwa. Mbwa wa jirani yetu Toktar alimtazama tu, wala hakubweka, na yule bwana akapanda juu ya kile kilima cha mawe ya mgodi, mwenzake akamfuata. Boila ilikuwa bado haijawashwa, kila nyumba imetoa bomba la jiko la bati dirishani. Wakahesabu moshi. Palipo na moshi pana kaya. Siku mbili wamekaa juu kule kama korongo wawili, na majani ya chai wamemaliza.

Wamepata mia moja sitini na tatu! Kwa hiyo mwambie huyo bwana mkubwa wa kamati, yeyote awaye, kwamba Tasbulak inapumua.

Kenjetai

*

Karaganda, 2 Novemba 2002

Kenjetai,

Natumaini mko wazima. Mimi ni mzima. Mwambie Mama nimepata madonge ya maziwa makavu aliyotuma na nimeyala yote kwa siku moja.

Nina orodha ya wahesabuji mbele yangu, mtaa kwa mtaa. Usiniulize imefikaje mbele yangu.

Barabara ya Wachimbaji, namba 9: moshi. Hiyo ni nyumba ya akina Veber. Emma Veber nilikaa naye dawati moja miaka minane. Mwaka tisini na nne nilisimama stesheni nikampungia mkono walipokwenda Ujerumani, na mlango wao ulipigiliwa mbao na baba yetu mwenyewe. Namba 11: moshi. Namba 14: moshi. Namba 14 haina paa, Kenjetai.

Kwenye orodha ya pensheni na ya mkate wa ruzuku nimehesabu kaya mia moja kumi na nane.

Nani anaishi kwa akina Veber?

Raushan

*

Tasbulak, 19 Novemba 2002

Dada Raushan,

Salaam. Barua yako imechelewa kwa ajili ya theluji, na ilipofika nikatamani ingechelewa zaidi. Tumechinja farasi wa msimu wa baridi, wa kushirikiana na Toktar. Nakutumia kwa kondakta wa treni utumbo uliojazwa nyama ya mbavu, wa fungu lako. Ukipungua ujue kondakta ni binadamu.

Kwa akina Veber hakai mtu. Niliishi mimi siku mbili. Nimeishi pia namba 11, namba 14, na nyumba nyingine arobaini na mbili. Mtu mnene kama mimi hajawahi kuwa na makazi mengi hivyo.

Nilimsikia yule bwana akisema dukani kwamba atahesabu moshi. Nikarudi nyumbani nikamwambia Zaure, akasema, "We mwanamume, una wazimu." Kisha akavaa koti. Tukawa watano: mimi, Zaure na vijana wangu watatu wa boila. Tulivuta makaa kwenye kigari cha theluji, huku theluji yenyewe ilikuwa kidole kimoja, kigari kinalia kama mbuzi. Tunaingia, tunawasha, tunatoka kwa dirisha la nyuma, tunakimbilia nyingine. Namba 14 tuliwasha katikati ya sakafu, si kuna paa la mbingu. Saa nane mchana nikakaa chini kwa akina Veber, mapafu yananitoka mdomoni, nikaona ukutani ile mistari ya penseli ya kupimia urefu wa Emma, na pembeni yake mistari yako. Sikuwa na haja ya kukwambia hili. Ila umeuliza nani anaishi pale.

Sasa na mimi nikuulize. Orodha imefikaje mbele yako, Dada? Umesema nisiulize. Mimi ni fundi tu, lakini bomba likivuja nafuata maji hadi yanakotoka. Yule bwana mkubwa wa kamati niliyekuwa nakutuma kwake ni wewe, ama sivyo? Nimekaa tangu Septemba nakuomba uchungulie mlangoni, kumbe mlango ni wako. Ungeniambia. Ningevaa kofia nzuri kabla ya kuandika.

Kuna moja tena, halinipi usingizi. Marjan, yule mjane aliyekuwa akitunza taa za wachimbaji, alikuja Jumapili. Binti yake amepata nafasi ya kusomea uuguzi huko kwenu. Hakukaa, hakunywa chai. Alisimama mlangoni akasema, "Kenjetai, umenihesabu mimi na majirani watatu ambao hawapo. Hao watatu hawataki kwenda popote. Mimi nataka."

Nikamwambia, "Boila mpya ikija, Marjan, utapata joto."

Akasema, "Joto nilikuomba lini?"

Akaenda zake. Mama alikuwa anasikia. Na bado anakohoa.

Kenjetai

*

Karaganda, 4 Desemba 2002

Kenjetai,

Salaam kwenu wote. Utumbo ulifika mzima, kondakta ni malaika.

Ndiyo, ni mimi. Niliwekwa mwenyekiti mwezi Julai. Sikusema kwa sababu ningesema ungeomba, na ungeomba ningekataa, na ningekataa tungekuwa hapa hapa tulipo, ila mapema zaidi. Rasimu ya kuufunga Tasbulak nimeiandika kwa mkono wangu. Niliandika mwezi Agosti, kabla ya barua yako ya kwanza. Unajua nilipofika kwenye mstari wa "idadi ya nyumba zitakazoachwa" niliandika nini? Niliandika tarakimu, kama kawaida.

Kikao ni tarehe 20 Desemba. Wenzangu wawili hawajui Barabara ya Wachimbaji ni nini. Wanayo mia sitini na tatu na wanaiamini. Nikinyamaza, mtapata boila, Marjan hatapata kitu, na mimi nitakuwa nimetia sahihi uongo wa ndugu yangu wa tumbo moja. Nikisema, wewe unaweza kushtakiwa. Usicheke. Mtu wa mji mwingine alishtakiwa kwa kaya hewa kumi na mbili tu.

Kwa hiyo andika wewe. Kwa mkono wako, kama fundi mkuu, sema hesabu ilikosewa na useme iliyo kweli. Barua ikitoka kwako, ni marekebisho. Ikitoka kwangu, ni ushahidi. Nakuahidi sitasema neno kabla ya kuipata.

Na moja niliandika uongo mimi. Chumba hakipo. Tumeachana na Sabit tangu Februari, nyumba imebaki kwake. Nakaa bwenini kwa wafanyakazi, kitanda kimoja, jiko la shirika na watu wanane. Ndiyo maana barua nilitaka zije ofisini. Nilisema umlete Mama nikitumaini utakataa, nami nionekane binti mwema. Ulikataa. Usimsomee sehemu hii.

Raushan

*

Tasbulak, 17 Desemba 2002

Dada yangu,

Salaam. Nakuandikia haraka, treni ya kesho nasikia itafika, ingawa dhoruba ya theluji imeanza kupiga miluzi. Boila imekufa mara mbili wiki hii ikafufuka mara mbili. Nje ni nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri, na masharubu yangu yanavunjika nikicheka, kwa hiyo sicheki.

Karatasi nyingine ndani ya bahasha hii ni ya kamati. Nimeiandika kama ulivyosema, kwa jina langu na cheo changu chote. Kaya ni mia moja kumi na nane. Lakini nilipoketi kuandika tarakimu hiyo niliona aibu kupeleka tarakimu nyingine tupu. Wahesabuji walihesabu moshi, mimi nikawapa moshi, wewe ukahesabu mikate. Hakuna aliyegonga mlango. Nikavaa koti nikagonga yote, mbwa kwa mbwa. Niliuliza swali moja: ukipewa hati, unakwenda au unakaa?

Siku nne nimetukanwa na kunyweshwa chai. Bolatbek, niliyekuapia kwamba angekuwa wa kwanza kukimbia, anakaa: "Niende mjini nikawe mlinzi wa duka la nani?" Na yule mzee wa jengo la tano, ambaye magoti yake hayakunjiki, anataka kwenda hata leo, mwanawe yuko Pavlodar. Nilikuwa nimewapanga watu wangu vibaya kabisa, Dada. Miaka ishirini nawapelekea joto, na sikujua nani ana baridi.

Sabini na moja wanakwenda. Arobaini na sita wanakaa. Moja imegawanyika, na hiyo moja ni yetu.

Nitakueleza ilivyokuwa. Nyumba yetu niliiacha mwisho, kama mpishi anavyojipakulia mwisho. Nikakaa mezani, nikaandika jina langu na la Zaure upande wa kukaa. Nikaanza kuandika la Mama.

"Unaandika nini hapo?" akauliza.

"Jina lako, Mama."

"Mbona mimi hukugonga mlango?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ikabidi nitoke nje, dada yangu, mwenye nyumba mimi na tumbo langu, nigonge mlango wa baba yangu kwenye baridi ile. Akaniacha nisimame pale hadi akapata kuvaa kitambaa chake kizuri. Akafungua.

"Mama, ukipewa hati, unakwenda au unakaa?"

"Nakwenda."

Zaure akadondosha kijiko. Nikamwambia Mama, watu watasema nini? Akasema, "Mwaka hamsini na nne baba yenu alinileta hapa juu ya lori la mbao, Raushan mapajani. Hakuna aliyeniuliza, na sikulalamika, alikuwa mwanamume mwema. Sasa wewe una mke, una boila, una watu wa kutukanana nao. Raushan analala bwenini kama mwanafunzi, na ana miaka hamsini na tatu. Nitanunua chumba kwa hiyo hati. Atakaa kwangu."

Ile sehemu niliiruka kama ulivyoagiza. Nilisoma "Chumba", nikakohoa, nikaruka hadi sahihi yako. Kumbe asubuhi yake alimwita Marjan akasomewa barua nzima kwa miwani.

Nyuma ya karatasi nimechora. Boila hailemewi na wingi wa watu, inalemewa na urefu wa mabomba. Wanaokaa wakihamia yale majengo manne yanayoizunguka, na mitaa ya nje ikakatwa na kuzibwa, chuma hiki cha kizee kitavumilia miaka mingine mitano au sita. Kazi tutaifanya wenyewe. Hatuombi boila mpya, tunaomba isizimwe. Mtaa wa kwanza kukatwa utakuwa Barabara ya Wachimbaji. Na nyumba ya baba iko mwisho wake, hilo huhitaji kuambiwa.

Nimeandika yote. Nasikia miluzi ya treni au ya upepo, sijui.

Kenjetai

*

Karaganda, 5 Januari 2003

Kenjetai,

Sijui nianze na salaam gani. Salaam kwa Mama. Salaam kwa Zaure.

Barua yako ilifika tarehe 24. Treni ilizama kwenye theluji siku tano.

Tarehe 20 niliketi kwenye kikao hadi saa nne asubuhi nikitazama mlango. Tarishi alipita mara mbili, mikono mitupu. Nikasema moyoni, hakuandika. Nikasema, ameamua kuninyamazia, anajua sitathubutu. Wenzangu walikuwa wameshashika kalamu. Nikasema, "Barabara ya Wachimbaji namba tisa hakai mtu. Nimekulia mtaa huo. Fundi wa boila ni mdogo wangu." Nilikuahidi nami nikavunja ahadi. Siku nne, Kenjetai. Sikuweza kukuamini siku nne.

Ilipofika barua yako niliisoma nimesimama koridoni. Kisha nikaipeleka kwa mkubwa wa mkoa, karatasi na mchoro wake, na bahasha yenye mhuri wa tarehe 18, nikamwambia atazame mhuri. Akatazama. Mashtaka waliyokuwa wameanza kukuandalia yakafutwa, umepewa karipio la maandishi. Mimi nimeondolewa kwenye kamati. Nimehamishiwa takwimu za kuku.

Uamuzi: kaya sabini na moja zitapewa hati, wazee kwanza, kuanzia Februari. Mama pia, peke yake. Boila mpya hakuna. Lakini amri ya kuizima imesimamishwa mwaka mmoja, kwa dhamana yako. Mmoja wa wale wahesabuji alisema mchoro wako unachekesha, umechora na mbwa. Yule mwingine, anayewaogopa, aliomba nakala.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukinyamaza nitaelewa.

Raushan

*

Tasbulak, 2 Machi 2003

Dada Raushan,

Assalamu alaykum. Roho na kuku wa mkoa mzima wako salama? Afadhali umepata mifugo hatimaye.

Nilinyamaza wiki saba. Tatu za kwanza nilikuwa nimekasirika. Nne zilizobaki nilikuwa chini ya ardhi na mashine ya kuchomelea, na ukiwa na hasira huwezi kuchomelea vizuri, unatoboa, kwa hiyo nikaiacha. Nimeshindwa kukusamehe kabisa, ila nimeshindwa pia kuendelea kukununia. Baki hapo hapo, tutaonana Nauruz tugombane vizuri, uso kwa uso.

Mama yumo kwenye treni inayobeba barua hii, naimalizia stesheni kabla haijaondoka. Marjan na binti yake wamo behewa moja naye, watamshika mkono. Nilimkabidhi kwa kondakta mbele ya mji mzima. Walikuja wote kunitazama, nilijua watakuja. Mama akapanda ngazi ya behewa, akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi mgodini, "Kenjetai hakunifukuza. Nimeaga mwenyewe." Kisha akanikumbusha mbele yao nivae soksi mbili. Anakunywa chai yenye maziwa mengi na chumvi kidogo, ukikosea atainywa na hatasema. Dawa ya kikohozi imo kwenye soksi nyeusi. Usimruhusu kufua.

Mimi na Zaure tumehamia jengo la pili, ghorofa ya kwanza, dirisha linatazama boila. Ng'ombe kapewa ofisi ya zamani ya mhasibu wa mgodi, anaonekana ana shughuli nyingi kuliko mhasibu. Kuna joto. Usiku Zaure anafungua dirisha, fikiria, Tasbulak, mwezi wa pili, mtu anafungua dirisha.

Nyumba ya baba nimeikata jana. Vijana walitaka kuifanya wao, nikawatuma dukani. Nilifunga vali, nikaweka ndoo chini ya bomba la chumba cha Mama, nikafungua. Mabomba ya nyumba ndogo kama ile, nilijiambia, ndoo tatu au nne, dakika kumi. Nikamwaga ya nne, nikamwaga ya saba. Maji yalikuwa bado ya moto. Nilimwaga ndoo kumi na sita, Dada, na nilipotoka yalikuwa bado yanadondoka.

Mdogo wako,
Kenjetai